Sarafu za Nyundo Zilizoiva Rangi: Kuzichagua na Kuzipiga Picha

Shika peni ya Edward I, sarafu ndogo ya fedha ya mfalme wa Uingereza, kwa kingo zake chini ya balbu moja. Ukiitazama wima ni kijivu tupu, kama jivu la mkaa. Iinamishe kidogo. Herufi za pembezoni zinazingirwa na dhahabu, dhahabu inageuka zambarau, na kwenye kona za msalaba uliochorwa katikati kuna buluu iliyotulia. Irudishe ilivyokuwa, rangi imezima. Sarafu haijabadilika, kilichobadilika ni njia ambayo mwanga umepita kutoka kwenye taa hadi jichoni. Mnunuzi anayetapeliwa na mpiga picha anayepata picha nyeusi wana kosa moja: hawajui taa ilikuwa wapi.

Kwa Uingereza, sarafu za nyundo ni zile zilizogongwa kwa mkono hadi 1662, mashine zilipochukua kazi hiyo jumla. (Mashine zilijaribiwa mapema, kati ya 1561 na 1571 enzi za malkia Elizabeth I, kisha zikawekwa kando.) Muhuri wa chini ulikitwa kwenye gogo, kipande chembamba cha fedha kikawekwa juu yake, muhuri wa juu ukashikwa kwa mkono, nyundo ikashuka. Ndiyo maana hakuna sarafu ya aina hii iliyo bapa kabisa. Moja imebonyea kama kisosi, nyingine ina wimbi, nyingine upande mmoja wa uso wa mfalme haukushika kwa sababu pigo lilikwenda mshazari. Mambo hayo si kasoro za kukupunguzia hamu, lakini yatakutesa kwenye picha, na tutayarudia.

Fedha iliyotumika kwa kawaida ni ya kiwango cha sehemu 92.5 kwa mia, zinazobaki zikiwa shaba. Hewa nayo hubeba gesi zenye salfa, hasa salfaidi ya hidrojeni, kwa kiasi kidogo sana. Gesi hiyo ikikutana na fedha hujenga utando wa salfaidi ya fedha. Rangi unazoziona hazimo ndani ya utando kama rangi ilivyo ndani ya kitambaa. Sehemu ya mwanga huruka juu ya utando, sehemu nyingine hupenya na kuruka kwenye fedha iliyo chini, na mianga hiyo miwili ikikutana tena baadhi ya rangi hufutana, nyingine huongezeka. Ni jambo lilelile la tone la dizeli juu ya dimbwi la maji. Unene unaohusika ni makumi machache ya nanomita, kwa hiyo tofauti ndogo ya unene ni tofauti kubwa ya rangi.

Jambo la kukariri hapa ni mpangilio. Utando ukianza kunenepa, fedha hupata manjano hafifu, kisha dhahabu iliyokolea, kahawia yenye wekundu, zambarau, buluu, buluu ya kupauka. Ukiendelea, mzunguko unaanza upya kwa manjano nyingine, waridi, na hapo ndipo kijani cha kweli kinajitokeza. Baada ya hapo rangi huchoka na kuishia kwenye kijivu cheusi. Rangi hazirukani. Ukiona manjano imepakana na kijani kikali bila zambarau wala buluu katikati, weka sarafu mezani na uanze kuuliza maswali.

Kwa sarafu za nyundo, rangi iliyoiva kihalali mara nyingi si ya kupiga kelele. Ni kijivu cha kati chenye joto, na rangi imejificha kwenye mabonde: kuzunguka herufi, chini ya kidevu, ndani ya mikono ya msalaba, kati ya zile nukta tatu za kila robo ya msalaba. Sehemu zilizoinuka zimesuguliwa na vidole vya karne kadhaa, kwa hiyo utando wake ni mwembamba au haupo. Mabonde yamehifadhi mafuta, nta na vumbi, na hakuna kitambaa kilichoyafikia vizuri. Utando hapo umekua kwa mwendo wake, na matokeo yake ni rangi inayozingira kila herufi kama wanja. Wakusanyaji wengi hulipia zaidi kwa wanja huo kuliko kwa upinde wa mvua uliojaa sarafu nzima, na kwa maoni yetu wako sahihi.

Rangi ya kubuni inatengenezwa kwa njia chache zinazojulikana: kuichovya sarafu kwenye mchanganyiko wa salfa na potashi, kuifungia pamoja na yai la kuchemsha, kuipasha joto, au kuiviringisha kwenye karatasi yenye salfa na kuiacha dirishani. Kikemia nyingi kati ya hizo zinazaa utando uleule wa salfaidi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Huwezi kuikamata rangi ya uongo kwa kuuliza imetengenezwa na nini. Unaikamata kwa kuuliza imekaa wapi na imekuja kwa kasi gani.

Chukua lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Rangi ya haraka hupita juu ya mwinuko na bonde bila kujali, kana kwamba sarafu ilimwagiwa. Inapita hata juu ya uchafu ulioganda, wakati uchafu huo ulipaswa kuikinga fedha iliyo chini yake. Inazama ndani ya mkwaruzo mpya na kuupaka rangi ileile ya jirani. Mpaka wake wakati mwingine ni mstari mkali, mahali maji ya dawa yalipoishia. Na kuna ishara moja ambayo wageni huipuuza: sarafu imechakaa mno hadi uso wa mfalme umebaki kivuli, lakini imevaa buluu na waridi inayong'aa pande zote. Sarafu iliyozunguka sokoni kiasi hicho ilisuguliwa kila siku. Rangi ikija baadaye, huja kwa upole. Nusa pia. Dawa ya salfa iliyotumika karibuni ina harufu, hasa sarafu ikiwa imefungiwa kwenye mfuko mdogo.

Kuna hali ya tatu katikati ya kweli na uongo, nayo ndiyo iliyo nyingi zaidi: sarafu iliyosafishwa zamani, ikang'aa, kisha ikashika rangi tena ndani ya kabati la mtu kwa miaka 50 au 100. Inamishe chini ya taa moja utafute mikwaruzo myembamba iliyo sambamba, yote ikielekea upande mmoja. Rangi ikiwa imeifunika mikwaruzo hiyo, usafi ulitangulia na rangi ikafuata. Mikwaruzo iking'aa nyeupe juu ya rangi, mtu ameisugua baada ya rangi kuingia, na huenda hana muda mrefu tangu afanye hivyo. Ya kwanza inunulike kwa bei yake. Katika fedha ya miaka 400 hadi 700, kudai sarafu ambayo haijawahi kuguswa na kitambaa ni kudai muujiza. Ya pili iache.

Weusi mzito wenye chembechembe si rangi iliyoiva. Huo ni ulaji: sarafu imekaa ardhini, fedha ya juu imegeuka, na shaba iliyochanganywa nayo imetoka kama madoa ya kijani. Sarafu za namna hiyo pia huwa zimekauka ndani na kuvunjika kama biskuti. Usijaribu kunyoosha iliyopinda, hata kama inaonekana inakubali.

Sarafu za miaka ya mwisho ya mfalme Henry VIII zinahitaji jicho tofauti. Kuanzia 1544 kiwango cha fedha kilishushwa hatua kwa hatua hadi karibu theluthi moja, zilizobaki zikawa shaba. Uso wa mfalme, ukiwa umetazama mbele, ulichakaa kuanzia puani, shaba ikajitokeza, na watu wakambandika jina la utani la Mzee Pua ya Shaba. Wekundu kwenye pua ya sarafu hiyo ni wa haki yake. Wekundu wa aina hiyo kwenye shilingi ya Elizabeth I, ambayo ilirudishwa kwenye kiwango kizuri, ni dalili ya sarafu ya shaba iliyopakwa fedha.

Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01 inaokoa pesa nyingi kuliko lenzi yoyote. Peni ya 1279 ilikusudiwa kuwa na takriban gramu 1.44, peni ya 1351 ilishushwa hadi takriban 1.17, groti ya mwaka huohuo, yaani sarafu ya peni 4, ilikuwa takriban 4.67. Shilingi ya mwanzo ya Elizabeth I ni karibu gramu 6.2 na sarafu yake ya peni 6 ni karibu 3.1. Upungufu kidogo ni uchakavu. Upungufu mkubwa pamoja na herufi zilizokatwa nusu ni mkasi: watu walipunja kingo za sarafu na kuuza vipande, mchezo ulioendelea hadi serikali ikazikusanya na kuziyeyusha sarafu za nyundo katika mageuzi makubwa yaliyoanza 1696. Uzito ukizidi, au ukingo ukiwa na mstari wa mshono, una mkononi sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu, na rangi yake nzuri haina maana yoyote.

Kuhifadhi hakuna maneno mengi. Kabati la mahogani lililokauka vizuri limethibitika kwa vizazi. Mwaloni unatoa asidi, uepuke. Epuka pia mipira ya kufungia, sufi, ngozi na karatasi za bei rahisi, maana zote hubeba salfa au kemikali nyingine. Plastiki laini ya PVC hutoa majimaji ya kijani yanayonata. Majimaji hayo yanatoka kwa asetoni safi: mimina kwenye kikombe cha kioo, izamishe sarafu dakika 5 hadi 10, itoe, isuuze kwa asetoni nyingine mpya, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Dirisha liwe wazi na moto uwe mbali. Asetoni hailiondoi tabaka la salfaidi, kwa hiyo rangi hubaki. Ila mafuta yaliyokuwa yakiifanya rangi ionekane nzito yataondoka, na sarafu inaweza kupauka kidogo. Dawa za kuchovya zinazong'arisha fedha ndani ya sekunde chache ni kitu kingine kabisa. Zinaondoa utando pamoja na ngozi ya juu ya fedha, na kilichochukua karne 2 kukua hakirudi wikendi ijayo.

Sasa kamera.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuweka taa pembeni. Taa ya pembeni, iliyo chini kama jua la magharibi, inachora herufi vizuri sana na kuua rangi zote. Utando unaonyesha rangi pale tu mwanga unaporuka kama kwenye kioo na kuingia moja kwa moja kwenye lenzi. Mwanga wa pembeni unaruka na kwenda zake upande wa pili wa chumba. Lenzi inaona weusi. Picha nyingi za minadani zinazoonyesha sarafu nyeusi isiyovutia ni za sarafu nzuri tu zilizowekewa taa vibaya, na mnunuzi anayelijua hilo hupata bei nzuri.

Anza na stendi inayoshusha kamera wima juu ya meza. Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofaa, kwa sababu hata ikikuza kwa ukubwa halisi, yaani taswira kwenye kihisio cha kamera ikilingana na sarafu yenyewe, inabakiza sentimita 13 au zaidi kati ya kioo chake na sarafu, na nafasi hiyo ndiyo makazi ya taa zako. Ya milimita 50 itakusogeza hadi lenzi yenyewe izibe mwanga. Peni ina upana wa kama milimita 18, na kihisio cha kamera nyingi za kati kina kimo cha karibu milimita 16, kwa hiyo usijilazimishe ukubwa halisi. Rudi nyuma kidogo au kingo zitakatwa.

Kuhakikisha kamera imenyooka, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu. Lenga kwenye taswira ya lenzi ndani ya kioo. Katikati ya lenzi ikiangukia katikati ya picha, kamera na meza vimekubaliana. Pima hivi kila unaposogeza stendi.

Mpangilio wa kamera: ISO 100 (unyeti mdogo wa kihisio), tundu la lenzi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), faili ghafi (RAW), kuchelewesha sekunde 2 ili mtikisiko wa kidole uishe. Usifunge tundu hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali. Katika ukubwa halisi, f/8 inafanya kazi kama f/16, na ukizidi hapo mwanga unatawanyika kwenye tundu na herufi zinakuwa kama zimefunikwa na pamba. Kina cha ukali kwa f/8 ni kama milimita 1 tu. Hapo ndipo ile sarafu iliyobonyea kama kisosi inapokutesa: ukingo uko wazi, pua ya mfalme ina ukungu. Dawa yake ni kupiga picha 6 hadi 10 ukisogeza ulengaji milimita 0.2 kila mara, kisha kuziunganisha kwa programu.

Zima taa zote za chumba na ufunge pazia. Balbu ya dari yenye manjano ikichanganyika na taa yako nyeupe, utando utaziakisi zote mbili na hakuna programu itakayozitenganisha. Tumia taa za LED za aina moja zenye kipimo cha CRI, yaani uwezo wa taa kuonyesha rangi kama zilivyo, kisichopungua 95. Piga picha ya kadi ya kijivu chini ya taa hizo, weka mizani ya weupe ya kamera (kile kinachoiambia nyeupe ni ipi) kwa kadi hiyo, usiiguse tena. Mizani ya otomatiki ni adui hapa: ikiona sarafu yenye dhahabu nyingi, inadhani taa ndiyo ya manjano na kuongeza buluu hadi dhahabu inakufa.

Njia rahisi ya kupata rangi ni taa mbili zilizo juu sana, karibu kugusa pipa la lenzi, mahali pa saa 4 na saa 8 ukiuchukulia uso wa sarafu kama saa ya Kiswahili, ambapo saa 6 iko juu. Mwanga utoke upande wa juu wa picha, vinginevyo jicho litaona uso wa mfalme umezama badala ya kuinuka. Uso unaotazama mbele kama wa Edward I unataka taa hizo mbili ziwe sawa, la sivyo nusu ya pua inaingia kizani. Elizabeth I anatazama kushoto kwa mtazamaji. Mpe taa kubwa kutoka upande huo, ya pili ipunguzwe hadi nusu.

Rangi ikigoma, inamisha sarafu. Donge dogo la plastisini chini ya ukingo, lisiloonekana kwenye picha, digrii 5 zinatosha. Kumbuka hesabu: sarafu ikiinama digrii 5, mwanga unaorudi kwenye lenzi ni ule unaotoka digrii 10, kwa hiyo taa isogee hapo. Na peni ya milimita 18 ikiinama hivyo, upande mmoja unapanda karibu milimita 1.5, zaidi ya kile kina cha milimita 1. Utahitaji kuunganisha picha, au ufunge tundu hadi f/11 na ukubali ulaini kidogo.

Njia inayotoa rangi kikamilifu ni kioo cha mshazari. Chukua kioo chembamba kisafi cha fremu ya picha, kisimamishe kwa digrii 45 kati ya lenzi na sarafu. Taa inakaa pembeni, usawa wa kioo. Mwanga unagonga kioo, unashuka wima kwenye sarafu, unaruka wima na kupita kioo hadi kwenye lenzi. Kati ya taa na sarafu weka kadi nyeusi ili mwanga usiifikie sarafu moja kwa moja. Upande wa pili wa kioo weka kadi nyeusi nyingine. Ukiisahau, ukuta wa chumba utaakisiwa kwenye lenzi na picha yote itafunikwa na ukungu mweupe. Kioo kinarudisha karibu sehemu moja ya kumi tu ya mwanga, kwa hiyo muda wa picha unaweza kufika nusu sekunde. Stendi ikiwa imara hilo si tatizo, mradi hakuna anayetembea chumbani.

Kwenye sarafu bapa za mashine njia hii inafanya maajabu. Kwenye sarafu ya nyundo inaleta mabaka: sehemu iliyolala bapa inawaka buluu, wimbi lililo jirani linabaki jeusi kwa sababu limeelekeza mwanga kwingine. Tandaza karatasi nyeupe nyembamba inayopitisha mwanga mbele ya taa ili chanzo kiwe kikubwa, upana wa sentimita 15 au zaidi. Mwanga ukija kutoka pembe nyingi, mawimbi mengi yatapata lake. Kisha ongeza taa ya pili dhaifu ya pembeni, kama robo ya nguvu, kwa ajili ya kuchora herufi. Bila hiyo sarafu inaonekana kama stika.

Inua sarafu sentimita 3 juu ya karatasi ya kijivu kwa kuiweka juu ya skrubu yenye kichwa bapa. Vumbi la karatasi litapotea nje ya ukali na kivuli hakitashikamana na ukingo. Puliza sarafu kwa pampu ya mpira, usiifute.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Tumia lenzi ya kuvuta karibu badala ya ile pana, simu iwe juu ya kopo au kitabu, umbali wa sentimita 15 hadi 20, shusha mwangaza kwa 0.7, zima kila kitu kinachojiita urembeshaji. Simu nyingi huongeza ukolezaji wa rangi bila kuomba ruhusa.

Kwenye kompyuta, rekebisha mwangaza na mizani ya weupe, basi. Kitufe cha kukoleza rangi kisiguswe. Kunoa picha nako kuna mtego wake: ukizidisha, programu inachora mstari mweupe kuzunguka kila herufi, na mstari huo unaweza kudhaniwa kuwa ule wanja tuliousifu juu. Mnunuzi ataulipia, sarafu itafika bila wanja, na ugomvi utaanza.

Kwa hiyo kila sarafu ipate picha mbili kwa kila upande: moja ya rangi, kwa kioo au kwa taa za juu, na moja ya taa ya pembeni inayoonyesha herufi, mikwaruzo na kijivu chake cha kawaida. Taja jina la faili kwa aina, uzito na pembe ya taa, mfano "peni-edward1-1.39g-kioo" na "peni-edward1-1.39g-pembeni". Anayeuza akikupa ile ya kwanza pekee, muombe ya pili kabla hujataja bei.